Tuache kuwaficha wazee wetu waliovuka Ruvuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huku kwetu kusini watu wanaliongelea chini chini, jikoni na kwenye matanga, ila kwenye magazeti silioni. Kila mwaka ikifika 25 Septemba wenzetu wa Msumbiji hawaendi kazini, wanaweka mashada ya maua, jeshi linapiga gwaride, manake ndo siku ambayo mwaka 1964 walianza vita ya kumtoa Mreno. Miaka 60 ilitimia 2024. Huku upande wetu, kuanzia Mtwara vijijini, Newala, Tandahimba, Nanyumbu mpaka Nachingwea na Tunduru, siku hiyo inapita hivi hivi tu kama siku ya kawaida, wakati kuna nyumba kibao za huku ambazo zipo hapa kwa sababu ya siku hiyo. Ya kwetu ni mojawapo. Bibi yangu mzaa mama alivuka mto Ruvuma na mama yangu mgongoni mwaka uliofuata baada ya vita kuanza, na mimi nimemaliza shule ya msingi sijui hilo, nimekuwa nikiambiwa sisi ni watu wa Newala toka enzi na enzi.

Ninachotaka kusema ni kwamba sisi watoto na wajukuu wa waliovuka tumelelewa kuficha asili yetu, na tukiendelea hivo mwanzo wa vita ile utabaki kuwa habari za viongozi na bunduki, halafu watu walioibeba vita yenyewe kichwani na mgongoni watapotea bila hata jina. Na wazee wanaojua wanaisha. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1964 saivi yuko kwenye 70 na kitu, wengi wameshaondoka.

Kwa vijana ambao shuleni walipita haraka kwenye topiki hii, vita haikuanza ghafla. Watu wa uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ambao ni Wamakonde kama hawa wa Newala tu, mto ndo umewatenganisha, walikuwa wanalimishwa pamba kwa lazima, wanalipa kodi ya kichwa, wanachukuliwa kufanya kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa, na ukigoma unachapwa. Ndo maana miaka mingi kabla ya vita walikuwa wanakimbilia Tanganyika kukata mkonge, Tanga na Lindi, na wengine walifika mpaka Kenya. Hukohuko kwenye mashamba ndo walianza kukutana na kuunda vyama vyao, MANU ikiwa mojawapo. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda mbele ya ofisi ya utawala wa Mreno kutaka kujua madai yao yamefikia wapi, viongozi wao wakakamatwa, watu wakalalamika, askari wakafyatua risasi. Msumbiji wenyewe hutaja watu wapatao 600 waliouawa siku ile, watafiti wengine wanataja idadi ndogo zaidi, ila hakuna anayebisha kwamba damu ilimwagika na kwamba baada ya pale watu wa Mueda hawakuwa tena na imani na maneno matupu.

Tarehe 25 Juni 1962 FRELIMO, chama cha kuikomboa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam kwa kuunganisha vyama vitatu, MANU, UDENAMO na UNAMI, Dk Eduardo Mondlane akawa rais wake. Vijana wakapelekwa Algeria kufundishwa vita, baadaye kambi ikafunguliwa Kongwa, Dodoma, palepale Waingereza walipojaribu kulima karanga wakashindwa. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nayo ilikuwa na makao yake Dar toka 1963. Ilipofika Septemba 1964 FRELIMO ilikuwa na wapiganaji wapatao 250 tu waliopata mafunzo, yaani watu 250 dhidi ya jeshi la nchi ya Ulaya yenye ndege na mizinga! Usiku wa tarehe 25 kikundi kilichoongozwa na Alberto Chipande kikashambulia kituo cha utawala cha Chai, wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado. Hiyo ndo risasi ya kwanza inayoadhimishwa, na Chipande baadaye akaja kuwa waziri wa ulinzi wa Msumbiji huru.

Sasa hapa ndo pananiuma kidogo. Tunaambiwa nani alifyatua, na ni haki yake kuheshimiwa, silipingi hilo hata kidogo. Lakini wale vijana hawakushuka na mvua. Walitembea kwa miguu kutoka mpakani, wakalala kwenye nyumba za watu, wakala ugali wa muhogo wa watu, wakaonyeshwa njia za porini na watu ambao wangekamatwa na polisi wa siri wa Mreno ingekuwa kifungo na kipigo, au kifo kabisa. Na baada ya Chai, pale ndipo Mreno alipoanza kuchoma vijiji na kuwakusanya watu kwenye vijiji vyake vya ulinzi, waliobaki wakaingia msituni na wengine makumi ya maelfu wakavuka Ruvuma kuja huku. Hao hakuna sanamu yao. Hao ndo bibi yangu.

Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi kuhusu vita. Aliyoyasema niliyapata kidogo kidogo, siku anachambua mboga, siku ameketi barazani anamenya korosho, na mara nyingi alianza mwenyewe bila kuulizwa, ukimuuliza ndo ananyamaza kabisa. Alisema walivuka kiangazi, mto ukiwa na mchanga mwingi kuliko maji, na kwamba alibeba mtoto, sufuria moja, kipande cha chumvi, vijiti vya muhogo vya kupanda na jembe lisilo na mpini. Nilipokuwa mdogo nilishangaa kwa nini jembe lisiwe na mpini. Akasema mpini unakata popote penye mti, chuma hukipati. Na vile vijiti alivipanda alipofikia, muhogo ule ule mweupe ambao aliuita kwa jina la kijiji chao, na mama anao mpaka leo nyuma ya nyumba. Mimi nauangalia ule muhogo kama hati ya familia, kwa sababu karatasi hatuna.

Usoni alikuwa na chale, zile za mistari iliyopindapinda shavuni na kwenye paji la uso, alichanjwa akiwa mwali na alizipenda, alisema alivumilia maumivu ili aitwe mwanamke kamili. Lakini akienda sokoni au zahanati alikuwa anajitanda kanga mpaka puani, hata jua likiwa kali namna gani. Sikuelewa mpaka nilipokua nikasikia watoto wa jirani wanaitana "Mmawia" kwa kutukanana. Wamawia ndo jina walilopewa Wamakonde waliotoka ng'ambo, na lilisemwa kana kwamba ni watu wa porini, washamba, watu wa kulinda mageti na kuchimba vyoo. Kwa hiyo mwanamke aliyetembea na mtoto mgongoni kuikimbia bunduki ya Mreno, aliyemtoa kaka yake wa tumbo moja akaenda kupigana, akaja kuzeeka anaficha uso wake mwenyewe kwenye foleni ya dawa. Hilo mimi sijalisahau na sitalisahau.

Huyo kaka yake ndo sababu nyingine ya barua hii. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba wa mama yangu si mtu wa pembeni, ndo mwenye ukoo hasa, ndo alitakiwa kuwa msemaji wetu kwenye misiba na ndoa. Alijiunga na FRELIMO akapelekwa kambi ya Nachingwea, hapo napo ni mashamba ya karanga ya Mwingereza yaliyogeuzwa kuwa kambi, na kambi ile ndo aliyokuwepo Samora Machel kabla hajawa rais wa Msumbiji. Akarudi vitani ng'ambo. Hatujui alipofia. Bibi aliletewa habari na mtu mmoja kwamba aliaga dunia wakati wa ile operesheni kubwa ya Mreno ya 1970 iliyopigwa uwanda wa Mueda, mwingine akasema aliumwa tu msituni. Matanga yalikaliwa bila kaburi.

Tukaamua kwenye familia tumtafute hata kwenye orodha. Ndo nikajifunza ugumu wa kazi hii na naomba niueleze vizuri kwa sababu kuna watu wengi wanaanza wanakata tamaa. Mtu wa kizazi kile hana jina moja. Ana jina la utotoni alilopewa na mama yake. Akitoka jandoni analiacha, anachukua jina jipya, na hilo la zamani ukimwita nalo ni matusi. Akibatizwa na wamisionari anapata jina la Kireno au la mtakatifu, akisilimu anapata la Kiislamu. Akiingia msituni FRELIMO wanampa jina la vita ili akikamatwa mwenzake asiwataje ndugu zake. Na kama aliishi huku kidogo akakata kitambulisho cha kazi kwenye mkonge, karani aliandika anavyosikia. Kwa hiyo ndugu wanamlilia mtu wa jina moja, orodha ina mtu wa jina lingine, na ni mtu yuleyule. Ukienda kuuliza na jina moja unaambiwa hayupo, basi unarudi nyumbani unaamini hakuwepo.

Ninachowashauri wenzangu ni kuanza na majina yote, jina la utoto, la jando, la dini, la vita, na jina la utani pia kwa sababu wapiganaji wenzake wanalikumbuka zaidi kuliko yote. Halafu usiulize mwaka. Mzee ukimuuliza mwaka atakupa wowote akuridhishe. Muulize ilikuwa kabla au baada ya risasi za Mueda, ilikuwa Mondlane hajauawa au ameshauawa, manake kifo cha Mondlane kwa bomu la kwenye kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 watu wote wa FRELIMO wanakumbuka walikuwa wapi siku ile. Muulize mtoto fulani alikuwa anatembea au bado ananyonya. Muulize aliingia jandoni na nani, kwa sababu waliokaa jando moja hawasahauliani mpaka kufa, ukimpata mmoja umewapata kumi. Muulize alikaa makazi gani ya wakimbizi alipofika, Rutamba kule Lindi, Matekwe ya Nachingwea, Muhukuru ya Songea au hakupita kambini kabisa, alifikia tu kwa shangazi wa upande huu na akapewa shamba, kama alivyofanya bibi. Hawa wa mwisho hawako kwenye daftari la mtu yeyote na nadhani ndo wengi, au angalau kwetu ndo wengi.

Sisi tumetumia daftari kubwa la kaunta, kurasa zimeunganishwa na gundi kwa upana ili matawi ya upande wa mama yapate nafasi. Na simu, tunawarekodi wazee kwa sauti kwa lugha yao wenyewe ya Kimakonde, usimlazimishe mzee kusema Kiswahili, kuna mambo akiyasema kwa Kiswahili yanakuwa mafupi na yamekauka.

Basi nilipofika kwa mjomba wangu, mdogo wake mama aliyezaliwa huku, nikamwekea daftari mbele. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa, tukala, nikamwonyesha. Akapitisha kidole toka juu akashuka, akafika kwa bibi, pale nilipoandika mahali alipozaliwa, jina la kijiji cha Mueda. Akasema, "Hapo futa, mwanangu. Andika Newala." Nikamuuliza kwa nini mjomba wakati ni kweli. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kweli ya nini, unataka watoto wako wakose vitambulisho?"

Ndugu Mhariri, hapo ndo kwenye kiini cha barua yangu. Siyo kwamba wazee wamesahau, wanaogopa. Kila mtu wa mpakani ana hadithi ya jamaa aliyeenda kuomba kitambulisho au pasi ya kusafiria akaulizwa bibi yako alizaliwa wapi, na babu wa upande wa baba je, na akijibu ukweli karatasi zake zinakaa, aliyedanganya anapata. Mimi mwenyewe kuna ofisi moja niliulizwa maswali hayo kwa sauti mbele ya watu kana kwamba nimeiba kitu. Sitaitaja, na aliyeniuliza huenda alikuwa anafanya kazi yake, mipaka lazima ilindwe na mimi nakubali. Lakini mama yangu amekulia hapa, ameolewa na Mtanzania, mimi nimezaliwa hapa na baba yangu ni raia, uraia wangu una mashaka gani? Kuwa na bibi aliyekimbia vita ya ukombozi si kosa. Nchi hii ndo iliyomkaribisha, Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba uhuru wetu haujakamilika mpaka wenzetu nao wawe huru, na kusini yote ililipa gharama kwa uamuzi ule, Mreno alitega mabomu ya ardhini mpakani na ndege zake zikaangusha mabomu upande wetu. Sasa inakuwaje taifa liwe na fahari ya kuwapokea, halafu aliyepokelewa awe na aibu ya kupokelewa?

Hii hofu ina madhara kwenye historia kuliko moto kwenye maktaba. Manake kila fomu inayojazwa "Newala" badala ya "Mueda" ni mtu mmoja amefutwa, na kesho mtafiti akija kutafuta nani walivuka na nani waliwapokea atakuta karatasi zinasema hakuna aliyevuka, watu wote walikuwepo toka mwanzo.

Kenya kuna jambo limefanyika ambalo naona lina funzo kwetu. Wamakonde wa kule Kwale, ambao wengi asili yao ni Msumbiji na walifika kwa ajili ya mkonge na miwa, waliishi miaka na miaka bila vitambulisho, watoto wao wanasoma wanafika mahali wanakwama. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na baada ya hapo wakapewa vitambulisho na kutambuliwa rasmi kama kabila la 43 la Kenya. Angalia kwamba hawakupata haki yao kwa kuficha. Walisema sisi ni akina nani na tulitoka wapi, wakiwa barabarani, mchana kweupe. Huku kwetu hali ni tofauti, wengi wetu tuna karatasi tayari, kwa hiyo ya kuogopa ni machache kuliko ya wale.

Najua kuna watu watasema mambo ya Msumbiji waachiwe Wasumbiji. Hapana jamani. Vita ile ilipangwa Dar es Salaam, ikafunzwa Kongwa na Nachingwea, majeruhi wake wakatibiwa Mtwara, Mondlane aliuawa Dar na Josina Machel, mpiganaji wa kike na mke wa Samora, alifariki Dar mwaka 1971 akiwa kijana mdogo kabisa wa miaka 25. Mabinti waliofunzwa silaha Nachingwea toka 1967 kwenye kikosi cha wanawake walikuwa wanabeba masanduku ya risasi kichwani siku kadhaa za kutembea kutoka mpakani kwenda ndani, na baadhi yao wakaolewa huku, wakazaa huku, leo ni mabibi wa watu wanaosoma gazeti hili. Na baada ya uhuru wa 25 Juni 1975 wanajeshi wetu wakaenda tena kusaidia, waliofia kule wamelazwa makaburi ya mashujaa Naliendele, Mtwara. Ukienda pale unaona mistari ya makaburi imepangwa vizuri, yana majina, yanafagiliwa, na ni jambo jema sana. Mimi najiuliza tu mjomba wa mama yangu angekuwa na hata ubao.

Na tukumbuke haya mambo siyo ya zamani tu. Toka Oktoba 2017 Cabo Delgado imeingia kwenye vita nyingine, na wilaya ya Macomia ambayo Chai ipo ndani yake imeshambuliwa mara nyingi. Mwaka 2020 wavamizi walivuka wakaua watu Kitaya, upande wetu. Watu wamekimbia tena kupitia mchanga uleule wa Ruvuma. Ninapowaona kina mama wale na vifurushi vyao namwona bibi, na nawaza wajukuu wao miaka 60 ijayo wataambiwa walizaliwa wapi.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Kwako Mhariri, mwezi wa tisa fungua ukurasa, hata nusu ukurasa, familia za kusini zitume majina ya watu wao waliovuka, waliopigana na waliopokea wageni, pamoja na yale majina yao yote manne matano, na jina la kijiji walichotoka. Waliopokea wasisahaulike, kuna wazee wa Kitangali na Mahuta waligawa mashamba yao kwa watu wasiowajua wakati wao wenyewe maji walikuwa wanayafuata mabondeni huko chini. Kwa wanaosimamia urithi wa ukombozi wa Afrika hapa nchini, mmefanya kazi Kongwa na Mazimbu na kwingine kwenye majengo, tunashukuru, sasa njooni na vinasa sauti majumbani kwa sababu majengo yanaweza kungoja mwaka mwingine, mzee wa miaka 80 hawezi. Kwa ndugu zetu wa Msumbiji wanaotunza kumbukumbu za wapiganaji, wekeni orodha zenu zitafutike kwa jina la vita na jina la nyumbani, na mtu wa Newala aweze kuuliza bila kufunga safari mpaka Maputo. Na kwa wanaotoa vitambulisho, tunaomba mseme hadharani, kwenye redio za mikoa yetu ambazo wazee wanazisikiliza, kwamba raia halali hatavuliwa uraia kwa kusema bibi yake alizaliwa Mueda. Maneno hayo yakisemwa mara moja tu na mtu mwenye mamlaka, nawahakikishia madaftari yatajaa.

Kwa upande wangu jina la kijiji sikulifuta. Mjomba nimemwachia daftari alisome taratibu, na ukurasa wa ukoo wa bibi naupiga picha nikutumie pamoja na barua hii. Ukiona inafaa uuchapishe tarehe 25 Septemba, majina yote ya marehemu tumekubaliana nyumbani yatajwe, ya walio hai tumeyaziba kwa karatasi.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mjukuu wa Mueda, Newala